Mgema Tusimsifu Bure: Vinywaji vya Mwambao wa Tanganyika na Haja ya Kuvionja kwa Makini

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii imezoeleka mno masikioni mwetu hata tumeacha kuisikia. Mwalimu huitumia kumwonya mwanafunzi aliyefaulu, na mzee huitumia kumpoza kijana aliyeanza kujiona. Lakini tukiirudisha pale ilipozaliwa, yaani chini ya mti, kati ya mtu aliyeshuka na kibuyu chake na watu wanaomngoja na vikombe vyao, tutaona kwamba lawama haimwangukii mgema peke yake. Mgema alithubutu kutia maji kwa sababu alikwisha kujua kwamba wanaomsifu hawaonji. Laiti wangelikuwa watu wa kuonja, wakasema pasipo kuficha kwamba la jana lilikuwa zuri kuliko la leo, maji yangelibaki mtungini.

Leo tunataka kulizungumza jambo hilo la kuonja, na la kusema kweli juu ya kilichoonjwa. Mkoa wetu wa Kigoma una vinywaji vingi kupita mikoa mingi. Tuna tembo la michikichi, pombe ya ndizi, pombe ya mtama na ulezi, na pombe ya asali. Tuna bia za viwandani zinazotufikia kutoka mashariki kwa reli na barabara, na nyingine zinazovuka ziwa na mpaka kutoka nchi za jirani. Hata hivyo, pamoja na wingi huo, mizani ya wanywaji walio wengi imebaki na jiwe moja tu, nalo ni swali hili: "Je, ni kali?" Maoni yetu ni kwamba swali hilo likiachwa peke yake linaharibu vinywaji vyetu, linawapunja akina mama wanaovipika, na linawapeleka watu kaburini kabla ya siku zao.

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kuweka jambo moja wazi. Ujiji ni mji wa Waislamu wengi, ambao dini yao imewaharamishia ulevi, na katika mkoa huu wapo pia Wakristo wengi wasiogusa pombe. Hatumwiti mtu yeyote kilabuni. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa hakina hatari kwa afya, na tangu mwaka 1988 wataalamu wa saratani wa shirika hilo wameihesabu pombe miongoni mwa visababishi vya maradhi hayo. Asiyekunywa na asianze. Maneno haya ni kwa yule anayekunywa tayari, na kwa yule asiyekunywa ambaye anaishi naye nyumba moja, akibeba hasara za ulevi usiokuwa wake.

TEMBO LA MCHIKICHI

Tuanze na mti wenyewe. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji pamoja na mwenzake John Speke mnamo Februari 1858, aliutaja mchikichi miongoni mwa mimea ya mwambao huu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860. Mnazi ni mti wa pwani ya bahari, na hapa kwetu haukuwa na nafasi; mchikichi ndio ulioshika mahali pake. Mgema wa Mombasa au Pangani akija Ujiji ataukuta mti mgeni machoni pake, lakini kazi ataitambua mara moja: kupanda, kukata, kukinga, na kushuka.

Mchikichi mmoja huzaa maua dume na maua jike kwa vipindi. Mgema mwenye busara hugema ua dume, kwa kuwa ua jike ndilo litakalokuwa mkungu wa ngazi na kutoa mawese. Mgema mwenye haraka huuangusha mti mzima na kukamua utomvu wake wote. Hapo ndipo mgogoro unapoanza, maana tangu zamani, si siku hizi tu, watu wameutegemea mti huu kwa chakula, na tangu mwaka 2018 Serikali imeufanya kuwa zao la kitaifa, ikaanzisha kituo cha utafiti Kihinga, hapa hapa Kigoma, ili taifa lipunguze mafuta ya kula yanayonunuliwa ng'ambo. Mnywaji anayesifu tembo la mti ulioangushwa anapaswa kujua kwamba anakunywa mawese ya miaka mingi katika jioni moja.

Ama ladha yake, tembo ni kinywaji cha saa, si cha siku. Utomvu ukishuka mtini asubuhi ni mtamu, mweupe kidogo kama maji ya kuoshea mchele, na mtoto angeweza kuunywa. Lakini chachu za hewani na za kibuyuni huanza kazi papo hapo. Katika muda wa saa chache tu kilevi chaweza kufika asilimia 4, utamu hupungua, na mapovu madogo huanza kuuma ulimi. Kesho yake ugwadu umetawala, na baada ya hapo ni siki. Kwa maoni yetu uzuri wa tembo uko katikati, pale utamu na ugwadu vinapokutana bila ya kimoja kumfukuza mwenzake. Anayelingoja mpaka liwe kali amekosa lile jema, akapata siki yenye kulevya.

NDIZI, MTAMA NA ASALI

Tukiliacha ziwa na kupanda milimani kuelekea Kasulu na Buhigwe, tunaingia katika nchi ya migomba. Pombe ya ndizi ni mali ya watu wote wa maziwa makuu. Warundi huiita urwarwa, Wanyarwanda urwagwa, watu wa Kagera wana lubisi yao, na Waganda wana tonto. Namna ya kuitengeneza haitofautiani sana. Ndizi mbichi huvumbikwa siku kadhaa mpaka ziive, kisha humenywa na kukandwa pamoja na majani makavu hadi maji yake yatoke. Maji hayo huchujwa, huongezwa maji mengine, na kutiwa unga wa mtama uliokaangwa, kisha hufunikwa siku moja mpaka tatu.

Pombe hii ikiwa nzuri ina harufu ya ndizi iliyoiva sana na ya moshi kidogo, na ukakasi mwepesi unaokausha ulimi na kumfanya mtu atamani funda jingine. Ikiwa mbaya, huwa dufu, nyembamba, na utamu wake hunata bila ya kuwa na mwisho. Sababu ya ubaya huo mara nyingi ni moja: maji. Nasi tukisema maji hatusemi juu ya ladha peke yake. Pombe ya nafaka huchemshwa. Ya ndizi kwa kawaida haichemshwi, wala tembo halichemshwi. Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika katika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kilizuka na kuua makumi ya watu kabla hakijadhibitiwa. Mwambao huu unajua maji machafu yanaweza kufanya nini. Kwa hiyo, mgema au mpishi anayeongeza maji mabichi ya ziwa ili kibuyu kijae hampunji mnywaji pesa tu. Anacheza na uhai wake.

Pombe ya mtama na ya ulezi ni mzito wa mwili. Nafaka huloweshwa mpaka ichipue, ikaushwe, isagwe, na hicho ndicho kimea. Kimea hugeuza wanga wa uji kuwa sukari, na chachu hugeuza sukari kuwa kilevi. Warundi huita pombe yao ya mtama impeke, na sifa yake kubwa ni kunywewa pamoja, kila mtu na mrija wake, kutoka chungu kimoja. Mkoani Mbeya wana kimpumu cha ulezi, nao pia hutumia mrija, wakiongeza maji ya moto kadiri chungu kinavyopungua. Wachaga wa Kilimanjaro wameziunganisha ndizi na ulezi katika mbege, wakazitia uchungu kwa gome la msesewe. Katika pombe hizi za nafaka, mnywaji hupata harufu ya unga uliokaangwa, ugwadu wa maziwa mgando, na mashapo yanayoshibisha. Ni kinywaji na chakula kwa pamoja, na ndiyo maana tangu zamani kilikuwa ujira wa watu waliokuja kumsaidia jirani kulima.

Mwisho iko wanzuki, pombe ya asali, ambayo misitu ya miombo ya mkoa huu inaipa malighafi bora. Wanzuki ya asali halisi ina harufu ya maua na huacha ukavu mzuri kooni. Siku hizi, hata hivyo, wapishi wengi hutumia sukari ya dukani mahali pa asali, na jina limebaki lile lile. Tunamwuliza msomaji anayekunywa wanzuki: mara ya mwisho ulipokunywa, ulisikia asali, au ulisikia jina lake tu?

CHUPA KUTOKA PANDE NNE

Ziwa Tanganyika limepakana na nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kila moja ina bia yake ya chupa, na kila moja huisifu yake. Sisi tuna Safari na Kilimanjaro. Burundi wana Primus na Amstel za kiwanda cha Brarudi kilichoanzishwa Bujumbura mwaka 1955. Lubumbashi wana Simba. Na Zambia wana Mosi, iliyopewa jina la maporomoko ya Mosi-oa-Tunya.

Historia ya bia ya chupa kwetu ni sehemu ya historia ya uchumi wetu. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo chupa ya Dar es Salaam iliweza kusafiri zaidi ya kilomita 1,200 mpaka ziwani. Kampuni ya Tanganyika Breweries ilianzishwa mwaka 1933. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, Serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa za Tanzania Breweries. Na mwaka 1993 kampuni ya bia ya Afrika Kusini iliingia ubia. Watu wazima wa leo wanaikumbuka miaka ya 1980, bia ilipokuwa adimu kama sabuni na sukari, na mnywaji hakuwa na nafasi ya kuuliza ladha. Aliuliza tu kama ipo. Huenda tabia ya kutochagua ilikomaa wakati huo.

Je, bia hizi zikionjwa pamoja zinasemaje? Safari, yenye kilevi cha asilimia 5.5, ina mwili mzito kidogo na utamu wa kimea. Kilimanjaro, ya asilimia 4.5, ni nyepesi na huenda vizuri na migebuka ya kuchoma, kwa kuwa haiifunikii ladha ya samaki. Primus ya Burundi ni kavu na tulivu, na wapenzi wake hawasikii la mtu juu yake. Bia nyeusi ya Guinness, ambayo kiwanda chake cha Dublin kilianza mwaka 1759, ndiyo inayotoka kundini kabisa: ina uchungu wa nafaka iliyounguzwa, unaokumbusha kahawa, na si kila mtu huuvumilia.

Lakini ukweli mmoja hausemwi mara nyingi. Ukiiacha hiyo nyeusi, chupa zote tulizozitaja ni za jamii moja. Zote ni wajukuu wa bia ya rangi ya dhahabu iliyopikwa mwaka 1842 katika mji wa Plzeň na mpishi Josef Groll: kimea cha shayiri, uchungu wa hopsi, na chachu inayofanya kazi polepole katika ubaridi. Mtu aliyeonja chupa tano za namna hiyo ameonja aina moja mara tano. Yule aliyeonja tembo, pombe ya ndizi, impeke na wanzuki ameonja aina nne zilizo mbalimbali kweli kweli. Tumezoea kudhani kwamba dunia ya bia iko dukani na kwamba kilabu cha kijiji ni mahali pa umaskini. Kwa upande wa ladha, mambo ni kinyume.

BARIDI AU MOTO?

Katika baa zetu mhudumu huuliza swali moja kabla ya kufungua chupa: "Baridi au moto?" Mgeni kutoka Ulaya hushangaa kusikia mtu akichagua bia isiyopozwa, naye mwenyeji hushangaa mgeni anavyoshangaa. Wenye kupenda ya moto husema baridi huumiza kifua na meno. Wenye kupenda baridi husema ya moto haikati kiu.

Kila upande una hoja, lakini anayetaka kuonja anapaswa kujua kwamba ubaridi mkali huutia ganzi ulimi. Bia iliyokaribia kuganda haina uchungu, haina utamu, wala haina kasoro. Ina ubaridi tu. Mwenye duka akitaka kuficha bia iliyokaa juani wiki mbili, barafu ni rafiki yake. Mwenye kuinywa bila ya kuipoza, ijapokuwa huchekwa, ndiye anayeisikia yote iliyo nayo, njema na mbaya. Njia ya kati ni kuitoa kwenye barafu na kuiacha kidogo mezani kabla ya funda la kwanza. Tembo na pombe ya ndizi, kwa upande wao, hazihitaji barafu kabisa. Kivuli cha mwembe na mtungi wa udongo vinatosha.

JIWE MOJA LA MIZANI

Sasa turudi kwenye swali lile la "ni kali?" Tufanye hesabu ndogo. Chupa ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi chenyewe. Chupa kubwa ya Primus ya sentilita 72, kwa asilimia hiyo hiyo, ina mililita 36. Mtu anayesema "nimekunywa mbili tu" hajasema kitu mpaka aseme mbili zipi. Ukija kwenye kinywaji kilichokenekwa chenye asilimia 40, mililita 63, yaani kikombe kidogo cha kahawa, ni sawa na chupa nzima ya bia. Mtu hunywa bia ile kwa nusu saa au zaidi. Kikombe kile hukinywa kwa funda mbili.

Kwa hiyo, anayenunua ukali peke yake, kwa mantiki yake mwenyewe, ataiacha pombe ya ndizi na kuifuata gongo. Ni rahisi zaidi kwa kila kiasi cha ulevi. Mama aliyetumia siku saba kuvumbika, kukanda na kuchuja hawezi kushindana na mtu mwenye pipa na bomba kichakani. Mama huyo, ambaye karo za watoto na madaftari yao hutoka katika mtungi ule, ana njia mbili tu: aache kazi, au naye aongeze ukali kwa sukari na hila nyingine. Njia zote mbili zinaua kinywaji, na ya pili inaweza kumwua mnywaji.

Hofu hii haitokani na mawazo matupu. Huko Nairobi, mwaka 2000, pombe haramu iliyochanganywa na kilevi cha viwandani iliwaua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya maskini. Mwaka 2010 wilaya ya Kabale nchini Uganda ilizika makumi ya watu kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Wengine waliopona walipoteza macho.

Serikali za Afrika Mashariki hazikukaa kimya. Uganda ilitunga Sheria ya Enguli mwaka 1965, ikawataka wakenekaji wawe na leseni. Tanzania ikafuata mwaka 1966 na sheria ya kuzuia kutengeneza moshi bila ya kibali, kisha Sheria ya Vileo ya 1968. Kenya, baada ya kuipiga vita chang'aa kwa miongo mingi, iliigeuza mwaka 2010 kuwa halali kwa masharti. Na tarehe 1 Machi 2017 Tanzania ilipiga marufuku pombe kali ya kwenye vifuko, maarufu kwa jina la viroba, iliyokuwa imefika mikononi mwa wanafunzi na madereva. Hatua hizi zilikuwa na sababu zake. Lakini sheria huzuia mkono wa muuzaji. Haimfundishi mnywaji kuchagua. Pale ambapo swali ni "kali?" tu, kila kinachofungwa huzaa kingine.

DAFTARI LA KITWE

Tufanye nini basi? Iko hadithi moja kutoka Zambia inayofaa kutufundisha. Katika miaka ya 1950, katika mji wa Kitwe, mtu aitwaye Max Heinrich alikuwa akipika pombe ya nafaka ya Kiafrika kwa ajili ya kuuza. Husimuliwa kwamba kila alipopika aliandika daftarini namna alivyopika, na pia waliyoyasema wanywaji juu ya pombe ya siku hiyo. Watu walipoliona daftari lile, wakaiita pombe yake Chibuku, yaani ile ya kitabu. Pombe hiyo ilienea kusini na kati ya Afrika, ikafika mpaka Tanzania. Siri yake haikuwa ukali. Mpishi aliwauliza watu, watu wakamjibu kweli, naye akayaandika majibu yao.

Tunapendekeza daftari la namna hiyo lirudi, hata kama halitaandikwa kwa wino. Mnywaji aanze kwa kutumia maneno ambayo lugha yake imempa tayari. Kiswahili si maskini katika jambo hili. Tunao utamu, uchungu na ukali. Tuna ugwadu wa embe bichi na ukakasi wa ndizi mbichi. Tuna dufu na chapwa kwa kisicho na ladha. Tunasema kinywaji kimechacha, kinanata, kinakereketa koo. Mwenye maneno saba hataridhika na swali moja. Na anayetafuta ukakasi au harufu ya asali hunywa polepole, kidogo kidogo, akisimama kati ya funda na funda, kwa maana haraka huiua ladha kama ubaridi unavyoiua. Hatudai kwamba kuonja ni dawa ya ulevi. Tunasema tu kwamba aliyezoea kupambanua hunyweshwa uchafu kwa shida zaidi kuliko aliyezoea kumeza.

Pili, mama anayepika vizuri alipwe vizuri. Ikiwa pombe yake ya ndizi imeshinda ya jirani, na iseme bei. Leo vilabu vingi huuza kila mtungi kwa bei moja, mwema na mbaya, na hivyo anayechemsha maji yake hupata hasara ya kuni mbele ya asiyechemsha. Mnywaji anayekubali kuongeza kidogo kwa ajili ya maji yaliyochemka amefanya kazi ambayo bwana afya mmoja kwa kata nzima hawezi kuifanya.

Tatu, wakuu wetu wa wilaya na halmashauri wavitazame vinywaji hivi kama mali ya kuendelezwa, si kama aibu ya kuvumiliwa. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria walipoona bia yao inaharibiwa hawakuifuta. Waliamuru itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji, basi. Mpaka leo Wajerumani hujivunia amri ile. Na hatuna haja ya kwenda Ujerumani: mjini Arusha, tangu miaka ya 1990, kimekuwapo kiwanda kinachotengeneza mvinyo wa ndizi na kuutia katika chupa kwa kipimo kinachojulikana. Kilichowezekana Arusha kwa nini kisiwezekane Kasulu? Maonyesho ya Nane Nane, ambayo huwapa zawadi mbuzi na maboga, yaweza pia kuwa na meza ya kupima usafi wa pombe za kienyeji, kilevi chake, na ladha yake. Mpishi aliyeshinda ataondoka na cheti, na aliyeshindwa ataondoka na maelezo.

Nne, mgema aelezwe thamani ya mti wake. Tembo la ua dume na mawese ya ua jike vyaweza kuishi katika shamba moja miaka mingi. Mti ulioangushwa hauna tembo la kesho wala mafuta ya kesho. Tunawaomba wataalamu wa Kihinga, wanapowagawia wakulima miche bora, wasione haya kuzungumza nao habari za ugemaji, kwa maana jambo lisilozungumzwa hufanywa gizani, tena vibaya.

Ndugu msomaji, kusema kweli juu ya kinywaji cha mtu kwahitaji adabu. Haipendezi kumwambia mama wa watu, mbele ya wateja wake, kwamba pombe yake ni maji ya kunawia. Lakini yapo maneno ya kumwambia kando: "Mama, ya wiki iliyopita ilikuwa na harufu nzuri zaidi, leo kuna nini?" Mpishi mwema atafurahi kuulizwa hivyo, na atakumbuka kwamba siku ile unga haukukaangwa vya kutosha, au ndizi zilitolewa shimoni mapema. Mpishi mbaya atakasirika. Na hapo, bila ya maabara wala askari, utakuwa umejua mtungi upi wa kuuacha.